HR na Cheti cha Ngiri 200: Utaomoka ama Utachomeka?

Ukifungua LinkedIn siku hizi lazima upatane na mse wa HR amepost beji mpya. Leo ni SAP SuccessFactors, kesho ni Oracle. Chini yake watu wamejaa: "hongera", "noma sana", "nionyeshe njia". Ukihamia WhatsApp unapata chuo fulani kinakuambia nafasi zimebaki tano tu, lipa leo, na mwaka ukiisha utakuwa unakula meza moja na wakubwa.

Na wewe uko hapo. HR msaidizi pale Industrial Area, miaka mitatu kazini, mshahara umekwama mahali pamoja kama matatu kwa jam ya Mombasa Road. Sacco iko tayari kukukopesha. Swali ni moja tu: uchukue hiyo doh ulipie cheti, ama hiyo ni kujichoma macho yakiwa wazi?

Wacha tuichambue pole pole, bila kelele za wauzaji.

Kwa nini hii stori imeshika sasa

Ukweli usemwe, watu wa mishahara Kenya hawajalala vizuri tangu 2023. Viwango vipya vya NSSF vilianza kukatwa Februari mwaka huo, na vimekuwa vikipanda hatua kwa hatua. Julai ikaja na ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 kwa mwajiri. Novemba Mahakama Kuu ikasema ushuru huo unakiuka Katiba. Machi 2024 ukarudi na sheria yake yenyewe.

Kabla vumbi litulie, Oktoba 2024 NHIF ikazikwa na SHIF ikaingia: asilimia 2.75 ya mshahara wote, na haina dari. Mwisho wa Desemba mambo yakageuzwa tena, SHIF na ushuru wa nyumba zikaanza kutolewa kwanza kabla PAYE ihesabiwe.

Kila mara hiyo ikitokea, kuna mtu wa HR mahali anakesha akirekebisha mfumo, na kesho yake foleni ya wafanyakazi inaanzia mlangoni kwake: "Mbona pesa yangu imepungua?" Kampuni zikaanza kuona kwamba mtu wa HR anayeelewa mifumo ni dhahabu. Na mahali kuna dhahabu, wauza sururu hawakosi.

Sasa tupige hesabu ya mfukoni

Tuseme mshahara wako kabla ya makato ni Sh60,000. Kwa viwango vya 2025, NSSF inachukua Sh3,600, SHIF Sh1,650, ushuru wa nyumba Sh900. PAYE inakuwa kama Sh8,538. Unaenda home na Sh45,312, kabla landlord na mama mboga wakuone.

Tuseme masomo, mtihani na mazoezi, vyote pamoja, umeambiwa Sh200,000. Unakopa sacco kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, ulipe kwa miezi 24. Kila mwezi unakatwa karibu Sh9,415. Mkopo ukiisha utakuwa umelipa karibu Sh226,000.

Haya, Mungu si Athumani, cheti kimefika na bosi amekuongezea Sh10,000. Unasherehekea? Ngoja kwanza. Kwa hiyo elfu kumi, NSSF inakula Sh600, SHIF Sh275, nyumba Sh150, na PAYE karibu Sh2,692. Kinachofika kwako ni kama Sh6,282.

Ona sasa: unalipa Sh9,415, unapata Sh6,282. Kwa miaka miwili mzima, hicho cheti cha kukuomosha kinakutoa zaidi ya Sh3,100 kila mwezi. Ukigawanya deni lote kwa hiyo nyongeza, ni miezi 36 ndio urudi ulipokuwa. Miaka mitatu! Na hiyo ni kama nyongeza ilikuja siku ile ile ulipopata cheti, jambo ambalo bosi yeyote wa Nairobi atalicheka mpaka machozi yamtoke.

Kuna kingine. Cheti cha SAP si kama digrii unayoning'iniza ukutani mpaka uzeeke. Mfumo unabadilishwa mara kwa mara, na lazima ufanye tathmini mpya ndio kiendelee kuhesabika.

Ndio maana cheti kina maana pale tu kinapokuhamisha kazi yenyewe, yaani unatoka daraja moja la mshahara unaingia lingine. Nyongeza ndogo kwa dawati lile lile haiwezi kulipa hilo deni.

Hapa ndipo watu wengi hupotea

Kuna kazi mbili tofauti, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni HR mwenyewe: anaajiri, anasikiza kesi za nidhamu, anashughulikia likizo, anahakikisha mtu hafukuzwi kiholela. Huyu anatumia mfumo kama vile dereva anatumia gari. Bosi wake hamuulizi kama ana cheti cha kuunda injini. Anamuuliza kama gari litafika.

Ya pili ni yule anayesimika mfumo kwa wateja. Leo yuko benki, mwezi ujao yuko kiwandani, anapanga jinsi likizo na mishahara zitakavyopita kwa kompyuta. Huyu huajiriwa na makampuni yanayouza na kusimika hizo programu, na kwake cheti ni kama leseni ya udereva. Mwajiri wake anahitaji kuwaonyesha wateja kwamba ana watu waliohitimu.

Kama unataka kazi ya pili, cheti kinaweza kukufungulia mlango. Lakini jua unaaga HR unayoijua. Utakuwa mtu wa mifumo. Kama unataka kubaki kazi ya kwanza na upande hadi uwe meneja, hizo ngiri 200 zina mahali pengine pa kwenda kwanza.

Mahali pengine ni wapi?

Sheria ya wataalamu wa HR ya 2012 iko wazi: kufanya hii kazi kama mtaalamu kunahitaji usajili na leseni kupitia IHRM, na mitihani ya CHRP ndiyo njia ya kufika huko. Ukisoma matangazo ya kazi, hasa ya mashirika ya umma, utaona IHRM imetajwa karibu kila mahali. Hakuna beji ya programu inayoziba hilo pengo. Kama bado hauna CHRP na unakimbilia SAP, umenunua rimu kabla ya gari.

Pia uliza soko lako linatumia nini. Ndiyo, mashirika makubwa kama Kenya Power, KenGen na KPA yanatumia SAP. Lakini serikali imekuwa ikihamisha watumishi wake kutoka IPPD kwenda HRIS-Kenya. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti Margaret Nyakang'o nazo zimelalamika mara nyingi kuhusu kaunti zinazolipa baadhi ya wafanyakazi nje ya mfumo, kwa orodha za mkono. Kaunti kama hiyo inahitaji mtu wa kusafisha rekodi, ajue nani ni mfanyakazi na nani ni hewa. Beji ya Oracle haitamwonyesha mfanyakazi hewa.

Ukienda kwa kampuni za kawaida, utapata Workpay ya hapa Nairobi, SeamlessHR ya Wanaijeria, PaySpace ya Afrika Kusini, na hakuna siku utakosa Excel. Mtu anayeijua Excel vizuri na anaweza kueleza kila shilingi ya pesilipu hatakosa kazi ya kufanya.

Chunga wakora

Kwanza, tofautisha cheti cha SAP na cheti cha chuo kusema ulihudhuria darasa la SAP. Hivyo ni vitu viwili. Cheti halisi hutoka SAP wenyewe, na huja na beji ya mtandaoni ambayo mwajiri anaweza kuikagua. Kama chuo hakiwezi kukuonyesha mtihani rasmi utaufanyia wapi, unanunua karatasi nzuri ya kuweka kwa fremu.

Pili, Workday. Kwa miaka mingi mafunzo yake ya vyeti yamekuwa ya wafanyakazi wa kampuni wateja na washirika wake. Mtu binafsi haingii tu na M-Pesa akanunua. Kwa hivyo mse akikuuzia "cheti cha Workday" kwa status yake, muulize maswali mazito.

Tatu, usisomee mfumo unaozeeka. SAP ilitangaza kwamba huduma ya kawaida ya mfumo wake wa zamani, ECC, inafika mwisho wa 2027. Kampuni zinahama. Chuo kikikuuzia notisi za zamani kwa bei mpya, toka mbio.

Nne, na hii ndiyo kubwa: bila kuugusa mfumo, unasahau haraka. SuccessFactors si app ya kudownload kwa simu. Kama kazini kwenu haiko, utafanya mazoezi wapi? Kwenye mahojiano utaulizwa, "Umewahi kufanya nini nayo?" Hapo beji itanyamaza na wewe ndiye utatakiwa kujibu.

Basi nani alipe?

Kama kampuni yenu inatumia huo mfumo ama inapanga kuununua, wacha kampuni ilipe. Mwajiri anatoa Sh50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi kwa NITA, na anaweza kudai kurudishiwa sehemu ya gharama za mafunzo, mradi mkufunzi amesajiliwa na kibali kimeombwa mapema. HR wengi hushughulikia haya madai ya wenzao halafu wao wenyewe wanaenda kukopa sacco. Hiyo ni kama kinyozi kutembea na nywele timtim.

Wakikulipia, wanaweza kukuwekea mkataba wa kukaa nao muda fulani. Usome vizuri. Angalia ni miezi mingapi, na ukitoka mapema unarudisha pesa zote ama kiasi kilichobaki. Wewe ni HR, hiyo mikataba unaiandikia wengine kila siku.

Na kabla mtu yeyote alipe chochote, SAP wana masomo ya bure kwenye tovuti yao ya mafunzo. Chukua wiki sita, usome usiku. Ukiboeka wiki ya pili, umeokoa ngiri 200. Ukimaliza na bado una njaa, sasa una sababu ya kuenda kwa bosi na hoja mkononi.

Neno la mwisho

Kwa maoni yetu, lipa mwenyewe kama haya matatu yote yapo: una CHRP tayari ama uko karibu kumaliza, kuna mfumo unaweza kuugusa kila wiki, na umeona kazi halisi, si ahadi, inayolipa zaidi kwa sababu ya hicho cheti. Mawili yakiwepo, mtafute mwajiri alipe. Likiwepo moja tu, ama hakuna, weka doh yako sacco na ulale.

Kile kinachouza HR wa Kenya leo ni kuweza kumkalisha mfanyakazi aliyekasirika, kufungua pesilipu yake, na kumwonyesha kila shilingi ilienda wapi na kwa sheria gani. Hiyo hesabu tumeifanya hapo juu, na hatukuhitaji beji yoyote.

Na wewe je, cheti kilikuomosha ama bado unalipa deni? Tuambie ukweli, na umtumie huyu beshte yako aliye karibu kulipa deposito.