Mteja Akitaka Kompyuta ya Maji, Muuzie Kwanza Mpango

Wadau, leo naongea na wanaouza kompyuta na vifaa vyake mtandaoni. Ila hata wewe unayeuza makochi ya oda au keki za harusi, soma mpaka mwisho. Hesabu ni ile ile.

Msimamo wangu ni huu. Oda ya kompyuta ya gemu inayopoozwa kwa maji usiipokelee pesa ya vifaa, hata shilingi moja, mpaka mpango wake uwe umeandikwa na mteja ameukubali. Mpango wenyewe ulipiwe. Na mpango ukionyesha kwamba mteja hahitaji maji, mwambie hivyo hivyo, hata kama unaiona oda ya mamilioni inakupita machoni.

Najua wengi mtanipinga. Nisikilizeni kwanza.

MTEJA ANASEMA MAJI, ANATAKA NINI?

Mimi sikusomea kompyuta chuoni. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza kwa kufungua mashine na kuzifunga, na kuangalia vidio usiku bando likiwa la bei nafuu. Darasa kubwa zaidi nimelipata kwa wateja wenyewe.

Mtu akiniandikia WhatsApp "kaka nataka mashine ya maji", najua ameona vidio. Ameona mirija inayong'aa, taa, maji ya rangi. Sasa mimi simtajii bei. Namuuliza maswali matatu: unaitumia wapi, saa ngapi, na mashine uliyonayo sasa inakukera nini?

Hapo ndipo ukweli unapotoka. Mmoja anacheza usiku wakati mtoto amelala chumba hicho hicho, feni zinamwamsha. Mwingine anarusha gemu laivu na maiki inanasa mngurumo. Mwingine hana shida ya kelele wala joto, anataka uzuri wa kuweka kwenye picha. Hao ni wateja watatu wenye bidhaa tatu na bei tatu. Ukiwauzia wote kitu kimoja, wawili watarudi kulalamika.

Wengi wao wanachotaka ni KIMYA. Na kimya hakiji kwa sababu umeweka maji.

MAJI HAYALI JOTO, YANALIHAMISHA

Tuelewane hapa maana ndipo wauzaji wengi wanapodanganya bila kujua.

Maji ni mbebaji mzuri sana wa joto. Ujazo ule ule wa maji unabeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko hewa. Kipande cha shaba chenye njia za maji ndani, tunachokiita bloki, kinakaa juu ya chipu. Pampu inasukuma maji yapite pale, yachukue joto, yaende kwenye rejeta. Ndiyo, rejeta, kama ya gari. Pale feni zinapuliza, joto linatoka kwenye maji na kuingia kwenye hewa ya chumba.

Kwa hiyo mwisho wa yote ni hewa na feni. Joto halijapotea, limehamia chumbani. Na maji hayawezi kuwa baridi kuliko chumba. Chumba cha Dar mwezi wa Februari kikiwa nyuzi 32, maji ya mashine iliyopangwa vizuri yatakuwa kama nyuzi 42 mtu anapocheza, na chipu itakuwa juu zaidi ya hapo. Mteja uliyemwambia "hii itakuwa baridi kama friji" atakuja kukuuliza.

Sasa kimya kinatoka wapi? Kinatoka kwenye feni kuzunguka taratibu. Feni ukiipunguza mzunguko kwa nusu, kelele yake inashuka kwa takribani desibeli 15, ila na hewa inayosukuma inapungua kwa nusu. Ukiongeza feni ya pili inayofanana nayo, hewa inarudi karibu pale pale, na kelele inaongezeka desibeli 3 tu. Umepata hewa ile ile kwa desibeli kama 12 pungufu. Siri yote ndiyo hiyo: eneo kubwa, feni nyingi, mwendo wa taratibu. Rejeta kubwa inakupa eneo hilo. Rejeta ndogo yenye feni zinazopiga kelele ni pesa iliyomwagika hata kabla maji hayajavuja.

HESABU YA MEZANI

Tuchukue mfano. Mteja anataka prosesa ya Ryzen 7 7800X3D na kadi ya grafiki ya RTX 4080. Kadi hiyo imeandikiwa wati 320, prosesa wati 120. Jumla 440.

Kanuni ya mafundi wengi, ukitaka feni za taratibu, ni kama wati 100 kwa kila sehemu moja ya feni ya milimita 120 kwenye rejeta. Wati 440 zinadai sehemu tano. Yaani rejeta moja ya feni tatu na nyingine ya feni mbili. Unaona? Tayari mpango umeshakwambia usinunue kasha dogo.

Chukua tepu upime. Rejeta ya unene wa milimita 30 ukiifunga feni ya milimita 25 ni milimita 55. Juu ya mazabodi kuna nafasi hiyo? Zile rami ndefu hazitagusana na feni? Picha ya kwenye tangazo haikupi jibu. Vipimo vya mtengenezaji ndivyo vinavyokupa.

Halafu hesabu fitingi. Bloki ya prosesa, bloki ya kadi, rejeta mbili, na pampu yenye tangi lake: vitu vitano, kila kimoja kina mlango wa kuingilia maji na wa kutokea. Hizo ni fitingi kumi. Ongeza koki ya kumwagia maji, viwiko kadhaa, na mbili za akiba. Mpira wa kipimo cha ndani 10 na nje 13 unataka fitingi za 10 na 13. Zile za 10 na 16 hazikai hapo. Fitingi moja ikikosekana, mashine ya mamilioni inalala mezani mpaka mzigo mwingine ufike kutoka China, na mteja anakuandikia kila asubuhi.

Sasa mtego mkubwa kuliko yote: bloki ya kadi ya grafiki. Usiagize kwa kusoma "RTX 4080" peke yake. Kila kampuni inapanga ubao wake inavyotaka, na hata kampuni moja huwa na matoleo tofauti. Bloki lazima ilingane na toleo lenyewe, jina kamili mpaka herufi ya mwisho. Ikikataa kukaa, hutaiuza kwa mtu mwingine kirahisi, maana na yeye atahitaji kadi ya toleo hilo hilo. Huo ni mtaji umekaa kwenye boksi.

Na angalia metali. Bloki za shaba na rejeta ya aluminiamu haziwekwi kwenye njia moja ya maji. Zinakulana polepole, zinatoa uchafu, mwisho zinaziba au kuvuja. Rejeta ya bei chee sana ukiiona mtandaoni, uliza imetengenezwa kwa metali gani kabla hujalipa. Kulanti iwe ya kompyuta. Maji ya bomba hapana, ya gari nayo hapana.

KIMYA KINA MAADUI AMBAO MAJI HAYAWAGUSI

Haya yaandike kwenye mpango mteja ayaone kabla hajatoa pesa.

1. Pampu inaunguruma. Pampu ya aina ya D5 inaweza kuendeshwa taratibu, ila ukiifunga chuma kwa chuma kwenye kasha, kasha zima litavuma. Iwekee mpira au sponji chini.

2. Koili za kadi ya grafiki zinaweza kulia ziii kama mbu. Maji hayatibu hilo. Tena feni zikinyamaza ndiyo utazisikia vizuri. Mteja asiahidiwe kimya cha kaburini.

3. Feni zikifuata joto la prosesa zitakuwa zinapanda na kushuka kila ukifungua programu, na sikio linakereka zaidi na kupanda na kushuka kuliko na sauti moja ya chini. Weka kipimajoto cha maji, feni zifuate joto la maji, kwa kuwa maji yanapanda polepole.

4. Vumbi. Meno ya rejeta yakiziba, feni zinalazimika kukimbia. Kwa vumbi letu hili, bila vichujio na brashi ya mara kwa mara, kimya chako kina miezi michache tu.

WAKATI WA KUSEMA HAPANA

Prosesa kama hiyo haihitaji maji. Kipoozaji kikubwa cha hewa kinaimudu, na kinanyamaza. Noctua NH-D15 ipo sokoni tangu 2014 na bado watu wanaitafuta, na wapo wengine wa bei ya chini wanaofanya kazi nzuri. Hakina pampu ya kufa wala maji ya kubadilisha. Kadi nyingi za RTX 4080 nazo zinakuja na vipoozaji vikubwa vya feni tatu. Ziweke kwenye kasha linalopitisha hewa, panga mwendo wa feni, sogeza mashine chini ya meza mbali na maiki. Mwenye mtoto chumbani hapo ameshapona, kwa pesa ndogo zaidi.

Mwingine wa kumwambia hapana ni aliye mbali. Mteja wa Mwanza ukimtumia mashine kwa basi, maji yanatakiwa yamwagwe yote kwanza. Huko nani atajaza upya? Nani atakaa na mashine saa 24 pampu peke yake ikiwa na umeme, karatasi za tishu chini ya kila fitingi, kuona kama kuna tone? Kama jibu ni "nitamwelekeza kwa simu", basi bora umpe ya hewa.

Mwambie ndiyo yule anayekaa mji wako, mwenye vifaa vinavyochemka kweli kama kadi ya wati 450, anayecheza masaa mengi, na aliyeelewa kwamba kila mwaka hivi mashine irudi ibadilishwe kulanti na ikaguliwe. Huyo hata ukimuuzia leo, mwakani anakulipa tena huduma. Na yule anayetaka uzuri tu, sawa, ni pesa yake, lakini asaini kwamba ameelewa.

"MTEJA NI MFALME"

Ndiyo jibu ninalopewa kila nikisema haya. Akitaka maji mpe maji, ukikataa atanunua kwa jirani.

Sawa, mfalme. Ila wafalme nao wana washauri. Maji yakivuja juu ya kadi ya mamilioni, mfalme hatakumbuka kwamba alilazimisha yeye. Atakumbuka jina la ukurasa wako, na atalitaja kwenye magrupu yote aliyomo. Apple mwaka 2004 walitoa Power Mac G5 inayopoozwa kwa maji, kampuni yenye wahandisi wa kila aina, na baadhi ya mashine hizo zilikuja kuvuja. Wao walikuwa na mtaji wa kulibeba hilo. Wewe unayezungusha milioni tano, mashine moja ikiharibika umefunga biashara.

Ndiyo maana mpango ulipiwe. Mimi natoza elfu hamsini. Mteja anapata karatasi yenye orodha ya vifaa kwa majina kamili, hesabu ya wati, vipimo vya kasha, bei, muda wa kusubiri, na maelezo ya nani anagharamia nini kikivuja. Akiendelea na oda, elfu hamsini inakatwa kwenye bei. Asipoendelea, karatasi ni yake, akanunue kwa jirani kwa amani, na mimi nimelipwa kichwa changu. Asiye tayari kulipia karatasi, mara nyingi hayuko tayari kwa mashine.

Akikubali, vifaa maalumu kama bloki ya kadi analipia chote kabla hujaagiza. Nusu nusu haifai kwenye kitu ambacho huwezi kumuuzia mwingine.

Wazee walisema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Kwa oda ya aina hii, mahesabu yaanze asubuhi. Mpe mteja kimya alichokuja kukitafuta, kwa njia ya bei ndogo inayotosha, naye atakuletea watu.

Wewe unayefanya kazi za oda, unatoza mpango au unatoa bure? Na mteja aking'ang'ania kitu ambacho unajua hakimfai, unafanyaje? Weka hapo chini tujifunze.