Radhi ya Roseanne na Kidonge cha Usingizi

Mwalimu yeyote aliyekaa darasani miaka michache ana ghala la visingizio: mbuzi amekula daftari, taa imeishiwa mafuta, matatu imeharibika njiani. Hata hivyo, sijapata kukutana na mwanafunzi aliyediriki kudai kwamba alimtukana mwenziwe kwa sababu ya kumeza dawa ya usingizi. Udhuru huo ulitolewa na mtu mzima, Roseanne Barr, mcheshi mashuhuri wa Marekani.

Mnamo Mei 2018 Roseanne alikuwa kileleni. Kipindi chake cha televisheni kilikuwa kimefufuliwa na shirika la ABC mwezi Machi, na usiku wa kwanza kilitazamwa na watu wapatao milioni 18. Kisha akaandika katika mtandao wa Twitter maneno ya kumfananisha Valerie Jarrett, mwanamke mweusi aliyekuwa mshauri wa Rais Barack Obama, na kizazi cha nyani. Umma ukawaka. Tarehe 29 Mei, kabla ya jua kutua, ABC ilikuwa imekifuta kipindi.

Radhi aliiomba, sikatai. Tena aliiomba mapema, akamtaja Jarrett kwa jina na kukiri kwamba mzaha wake ulikuwa mbaya. Laiti angekomea hapo! Mfa maji haachi kutapatapa: mara akasema ilikuwa saa nane za usiku, naye alikuwa amemeza Ambien. Kampuni ya Sanofi, iliyokuwa ikiitengeneza dawa hiyo, ikajibu kwamba dawa zote zina madhara, ila ubaguzi wa rangi haujulikani kuwa mojawapo. (Nakiri nilicheka; ni nadra wauza dawa kuwashinda wacheshi kwa ucheshi.) Mwezi Julai akaja na jipya: eti alidhani Jarrett ni mzungu.

Kumwita mtu mweusi nyani si mzaha uliozuka juzi. Ni tusi lililotumiwa kuhalalisha utumwa na ukoloni, na hata katika karne hii mashabiki wamewarushia wachezaji weusi ndizi katika viwanja vya Ulaya. Kidonge hakimtungii mtu tusi la namna hiyo. Isitoshe, kwa kila udhuru uliozidishwa, Jarrett alizidi kusahauliwa, akabaki Roseanne na masaibu yake: usingizi wake, kazi yake, dhana yake. Watetezi wake walilia kwamba amekatiwa riziki. Je, waigizaji wenzake, ambao kazi yao iliota mbawa siku hiyo hiyo hata wakasubiri hadi Oktoba kurejea bila yeye katika kipindi kipya, wao walimkosea nani?

Jarrett mwenyewe alisema tukio hilo litumiwe kufundishia. Nami nililitumia. Niliwaagiza wanafunzi wangu waandike barua ya kumwomba Jarrett radhi, pasipo kutumia neno "lakini". Wengi walimaliza kwa mistari minne. Mmoja akainua mkono, akauliza kama anaruhusiwa kueleza kwamba mwandishi alikuwa amechoka. Nilimwomba aisome barua yake kwa sauti, kana kwamba yeye ndiye aliyeandikiwa. Alipofika kwenye uchovu alinyamaza, akachukua kalamu, akaifuta sentensi.