Noah na Voxy: tumuulize anayekaa nyuma

Simama asubuhi moja karibu na daraja la Nyali uhesabu magari ya watu saba na wanane yanayoingia kisiwani. Noah, Voxy, Esquire, Serena moja moja, Stepwgn kwa nadra. Zamani si sana, mwalimu au karani wa bandarini aliyejikusuru alinunua gari dogo la watu watano na akashukuru. Leo huyo huyo anauliza bei ya Voxy, na ana sababu. Nyumba zetu si za baba, mama na watoto wawili. Kuna bibi, kuna mtoto wa dada anayesoma mjini, na kuna jirani ambaye huwezi kumpita kituoni na mkoba wake. Likitokea la mazishi Malindi au harusi Ukunda, gari dogo ni safari mbili.

Barazani swali ni moja: hili gari ni imara? Wenye nayo hujibu kwa viapo. Mmoja anasema hajafungua boneti mwaka mzima ila kumwaga oili, mwengine anasema ameuza shamba la minazi kwa ajili ya giaboksi. Ajabu ni kwamba wanazungumzia gari lile lile, la mwaka ule ule. Nimewasikiliza vya kutosha kuamini kwamba tofauti yao haitoki kiwandani. Inatoka kwenye siku ya kununua, kwenye oili, na kwenye idadi ya watu wanaotiwa ndani.

Kwanza tuelewane juu ya gari lenyewe. Noah, Voxy na Esquire ni gari moja lenye nyuso tatu, basi anayekuongezea bei kwa sababu ya uso akuambie anakuongezea nini. Kizazi kilichojaa barabarani sasa kilitoka Japani Januari 2014 na kikapokewa na kingine mwanzoni mwa 2022. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na tangu Januari 2026 mpaka umesogea: ni yale yaliyosajiliwa mara ya kwanza 2019 au baadaye. Kwa hesabu hiyo kizazi hiki kitaendelea kushuka Kilindini mpaka mwisho wa 2028, kanuni isipobadilika. Kwa anayekopa leo kwenye sako hilo si dogo, maana gari ambalo bado linaingia spea zake hazikauki. Ndio maana mafundi wengi wa hapa watakwambia uchukue Noah kuliko Serena, hata kama Serena ina nafasi na bei yake ni nafuu.

Sasa raha. Raha ya gari kwa kawaida husimuliwa na dereva, na dereva amekaa mahali pazuri kuliko wote.

Wanaokumbuka Town Ace Noah ya 1996 wanajua injini ilikuwa chini ya viti vya mbele. Joto la Mombasa halikutosha, ukaongezewa jiko chini ya makalio. Mwaka 2001 injini ilihamishwa mbele, magurudumu ya mbele ndiyo yakawa ya kuvuta, na sakafu ikashuka. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyolifanya gari hili kuwa la wazee wetu. Mama wa miaka 70 mwenye magoti mabovu hawezi Prado bila kusukumwa, lakini Noah anapanda kwa hatua moja. Mlango unateleza, haufunguki nje, kwa hivyo kwenye kichochoro cha Majengo au nje ya kliniki iliyobanana anashuka bila kugonga ukuta. Hakuna gari dogo wala gari refu linalompa hivyo kwa bei hiyo.

Safu ya kati nayo ni nzuri, hasa yale ya watu saba ambayo viti vya kati ni viwili vilivyoachana. Safu ya tatu ndiyo kesi. Viti vile hukunjwa na kupandishwa ubavuni, kwa hivyo vimetengenezwa vyepesi, godoro lake jembamba. Anayekaa pale yuko juu ya magurudumu ya nyuma. Kila tuta na kila shimo analipokea yeye mwanzo. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, na sehemu ya Mtwapa hadi Kilifi imekuwa ya vumbi na michepuko tangu upanuzi wa barabara uanze. Mtoto wa miaka kumi atacheka njia nzima. Mtu mzima mwenye mgongo atashuka Malindi akitembea upande. Na safu hiyo ikishakaliwa, nyuma inabaki nafasi ya mikoba michache tu. Sufuria za harusi zitafute gari lao.

Kuna wanaotatua hili kwa kuliinua gari kwa spesa. Naelewa kwa nini. Matoleo ya Si na ZS yana bampa lililoteremka, na maji yakikupwa Likoni ukaanza kupanda ngazi ya feri, unasikia plastiki ikisagika. Lakini spesa si shoku. Gari linapanda, mtikisiko unabaki, na mpira wa ekseli unafanya kazi kwa pembe ambayo haukupangiwa. Shoku mpya za nyuma zingemsaidia abiria zaidi.

Kwa hivyo nawaomba wanunuzi jambo ambalo sijaona mtu akilifanya yadini. Dereva wa kulijaribu awe mtu mwengine. Wewe kaa safu ya tatu, saa saba mchana, kiyoyozi cha nyuma kikiwa kimewashwa, upite kwenye matuta. Matundu ya darini yakipuliza hewa ya moto utajua kabla ya kulipa. Ukisikia mlio wa chuma nyuma utajua pia. Kisha fungua na ufunge ile milango ya umeme mara kumi. Reli zake zikijaa mchanga na chumvi, mota inalemewa, watu wanausukuma kwa mkono, na waya wake unakatika. Ni ugonjwa wa kawaida, na si wa bei ndogo.

Kuhusu uimara, injini ya petroli ya sisi 2000 ikipewa oili kwa wakati haina makuu. Penye kilio ni giaboksi. Hii haina gia za hatua kama tulizozizoea. Ndani kuna mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili, na oili yake ni ya aina yake. Oili hiyo ni ghali. Fundi wa kando ya barabara akikutilia oili ya otomatiki ya kawaida kwa sababu "zote ni nyekundu", gari litaondoka vizuri siku hiyo. Baada ya muda linaanza kutetemeka likianza mwendo, halafu linalia kama nyuki likipanda mlima. Mchanganye huyo na foleni ya Mtwapa, watu tisa ndani na mizigo juu, utaelewa shamba la minazi lilikwenda wapi.

Haibridi haina mkanda huo, na kwa upande wa giaboksi ndiyo tulivu zaidi. Ina mambo yake mengine. Betri kubwa iko chini ya viti vya mbele na hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari. Familia inayokula viazi karai njiani na kufunika matundu kwa mikeka na mifuko inaichemsha bila kujua. Injini yake ya 1800 ni ya ukoo wa ile ya Prius, na mafundi wa Prius wanajua pa kuangalia: njia ya moshi unaorudishwa kwenye injini huziba kwa masizi, na ukipuuza hapo gaketi ya hedi ndiyo hufuata. Muulize muuzaji lini iliwahi kusafishwa. Jibu lake litakueleza mengi, hata akinyamaza.

Mafuta je? Katalogi ya Japani iliandika kilomita 16 kwa lita kwa petroli na 23.8 kwa haibridi. Wenye magari ya petroli hapa mjini wengi hunitajia 8 hadi 10, kiyoyozi kikiwaka. Haibridi hunitajia kama 15, na foleni haiisumbui sana. Kwa anayesubiri bei mpya za EPRA kila tarehe 14 roho ikiwa juu, tofauti hiyo ni karo.

Lakini hesabu hizo zote zinaweza kuwa uongo ikiwa kilomita zimerudishwa. Magari mengi yaliyouzwa mnadani Japani yana karatasi ya mnada inayoandika kilomita, mikwaruzo na daraja; herufi R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa. Ukaguzi kabla ya kusafirishwa ni wa lazima, lakini unahakikisha gari linafaa barabarani, haukuambii mwenyewe wa kwanza alilitendaje. Muuzaji akikwambia karatasi imepotea, shusha bei au ondoka.

Jambo la mwisho linaniuma kuliko giaboksi. Gari lililonunuliwa kwa ajili ya familia mara nyingi huishia kulipa mkopo wake kwa kubeba watoto wa madrasa jioni. Si vibaya, mwenye gari anakula na mzazi anapumua. Nililoliona Kisauni ni safu ya tatu imeng'olewa, ubao umewekwa ubavuni, na watoto kumi na wanne ndani. Gari la watu wanane lina mikanda minane. Ubao hauna hata mmoja. Na ule mlango unaomrahisishia bibi kushuka unafunguliwa na mtoto wa darasa la pili kabla gari halijasimama, kwa sababu kitufe kiko mkononi mwake na kufuli ya watoto haijawahi kuguswa.

Mwenye gari atakwambia nauli ya watoto wanane haimalizi mkopo. Huenda ni kweli. Basi atutajie nauli inayoumaliza kwa watoto wanane, na sisi wazazi tukae tuizungumze hapo madrasani, kabla ya kuuliza ni nani anayetoza bei rahisi.