Kipimajoto Kishikwe Inavyopasa
Mwaka 2019, Ebola ilipovuka kutoka Kongo na kuingia wilaya ya Kasese, tulitambua thamani ya kipimajoto cha mpakani. Hata hivyo, twasikitika kuona chombo hicho kikielekezwa kwa msafiri kutoka umbali wa hatua nzima, ama kwenye kiganja badala ya paji la uso. Chombo hicho hupokea joto litokalo katika ngozi. Kikiwa mbali huchanganya joto la paji na la nywele, kofia na ukuta wa nyuma. Hivyo mwenye homa husomeka mzima, naye hupita. Vingi huhitaji sentimita 3 hadi 5, na kijitabu cha kila kimoja chaeleza. Jasho nalo hupunguza namba. Twawaomba wakuu wa vituo waweke kivuli, na aliyetoka juani apumzike kwanza kabla ya kupimwa.