Shura Wakati wa Maradhi

Ndugu Waislamu, Ramadhani ya mwaka 2020 ilitukuta Tanga na Pangani katika hofu ya korona. Mjini Dodoma, Bunge lilikuwa katika mjadala wa bajeti. Spika Job Ndugai hakulifunga: wabunge walipunguzwa ukumbini, wakakaa kwa kuachiana nafasi, na muda wa vikao ukafupishwa. Kufikia Mei mosi, wabunge watatu walikuwa wamefariki dunia katika muda wa wiki mbili. Freeman Mbowe akawataka wabunge wa chama chake wajitenge; Spika akawaamuru warejee. Hoja ya afya ikageuka ugomvi wa utii.

Sayyidna Umar (R.A.), alipokuwa safarini kwenda Sham, alipata habari za tauni. Akawaita Muhajirina, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao vivyo hivyo. Kisha wazee wa Kikureshi, wakaafikiana arejee Madina. Abu Ubayda (R.A.) alimpinga waziwazi, naye akajibiwa kwa hoja, wala hakuvuliwa uongozi. Ndipo Abdurrahman bin Auf (R.A.) akaleta hadithi ya Mtume (S.A.W.) iliyouthibitisha uamuzi ule.

Basi maradhi hayaondoi wajibu wa kushauriana. Hubadilisha namna yake tu. Na majumbani mwetu ni hivyo hivyo. Mzazi anapougua, asiamue mmoja peke yake kwa kisingizio cha dharura. Aliye mbali apigiwe simu, na mwenye rai tofauti asihesabiwe mwasi. Wallahu aalam.