Tuwaachie Vyura Matete ya Lumemo

Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, walisema wazee. Huku Lumemo tumeuzoea msemo huo hata chura mwenyewe hatumsikilizi tena. Mvua zikianza, tunalala, na asubuhi tunakwenda mashambani.

Wapendwa wasomaji, kati ya sauti zile za usiku yumo mkazi wa heshima. Mwaka 1975 mtaalamu wa Denmark, Arne Schiøtz, alimtambulisha kwa ulimwengu chura mdogo wa matete aliyepatikana katika bonde letu la Kilombero, upande wa Ifakara. Kisayansi anaitwa Hyperolius reesi.

Vyura wa jamii yake wana vidole vyenye ncha pana zinazonata, kwa hiyo hupanda jani la tete bila kuteleza. Dume huvimbisha koo na kumwita jike. Viluwiluwi hukulia majini mpaka waote miguu. Ngozi yao laini hupitisha maji na hewa, na kwa njia hiyohiyo hupitisha dawa ya magugu inayotiririka kutoka shambani. Basi wanahitaji mambo mawili kwa pamoja: maji safi, na matete yaliyosimama kando yake.

Tusiseme hii ni hofu ya bure. Kule Kihansi, katika milima hiihii ya Udzungwa, waliishi vyura wadogo waliotegemea manyunyu ya maporomoko. Maji mengi yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, makazi yao yalikauka. Kisha wakapatwa na ugonjwa wa kuvu. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Wachache waliokuwa wamepelekwa Marekani ndio waliookoa kizazi, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa. Chura wetu wa matete hana akiba kama hiyo.

Tunajua jibu la mkulima: mpunga ndio ada ya watoto na ndio chakula. Ni kweli, na sisi pia tunaula. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatutaka tuache mita 60 kutoka ukingo wa mto. Matete hayo hushika udongo usibomoke, na Lumemo ikifurika tunaopata hasara ni sisi wenyewe.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, kinasema mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kulima tunakujua sana. Kutunza tumemwachia Serikali.

Tunapendekeza hivi: kila jumuiya ndogondogo iliyo kando ya mto ikubaliane kutolima wala kuchoma matete ya ukingo wake, na nasi waseminari tushiriki kupanda pale palipokwisha kulimwa. Tuanze kabla ya mvua zijazo, vyura wakiwa bado wanaita.