MALEZI: Kilomita 60, nyimbo 17 na siri moja

Ilikuwa Jumamosi ya mwishoni mwa Julai. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mji wa Njombe wakati seremala mmoja alipomaliza kufunga kamba kabati la milango mitatu nyuma ya pikapu ya kuazima. Mteja alikuwa Makambako. Kando yake, mikono ndani ya mifuko ya koti, alisimama mwanawe wa kidato cha tatu, amekuja kwa sababu kabati halibebwi na mtu mmoja.

Majina yao hayaandikwi hapa, kwa kuwa kijana bado yuko shuleni.

Tangu muhula ufunguliwe, mazungumzo yao yalikuwa yale ambayo nyumba nyingi zinayajua. "Umekula?" "Ndiyo." "Umesoma?" "Ndiyo." Baba akirudi kutoka karakana, kijana anaingia chumbani na spika zake za masikioni. Mama alisema ni umri tu, utapita. Baba alisema ni simu. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe.

Asubuhi hiyo simu ya kijana ilikuwa imeisha chaji. Walipoiacha Njombe, baba alitoa flashi kwenye mfuko wa shati, akaichomeka kwenye redio ya gari.

Kaseti ya baba mkubwa

Ndani ya flashi kulikuwa na albamu moja tu: mkusanyiko wa nyimbo zilizotamba za bendi ya roki ya Uingereza, Queen, uliotoka Oktoba 1981 kwa jina la Greatest Hits. Ni nyimbo 17, na zote pamoja huchukua karibu saa nzima. Kwa pikapu iliyobeba mzigo, huo ndio muda wa safari ya kilomita 60 hivi kutoka Njombe hadi Makambako.

Huko Uingereza hakuna albamu iliyouzwa kuliko hiyo. Kufikia 2022 ilikuwa imepita nakala milioni 7. Lakini seremala hakuifahamu kwa sababu hiyo. Aliifahamu kwa sababu kaka yake mkubwa, dereva wa lori katika barabara kuu ya kwenda Tunduma, alikuwa nayo kwenye kaseti. Kila alipolala Makambako alipanda Njombe kuwasalimia wazazi, na kaseti ilikuja naye. Kaseti ile ilikatika zamani. Flashi ilijazwa na kijana wa duka la muziki kwa shilingi 2,000.

"Huyu anayeimba ni mtoto wa Unguja," baba alisema.

Kijana alicheka. Hakuamini.

Baba hakuwa anatania. Mwimbaji anayejulikana duniani kama Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya India, na baba yake alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Akiwa na miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, mbali na mama yake, na huko ndiko alikojifunza piano na kuanzisha bendi ya kwanza na wenzake. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ilihamia Uingereza. Leo mjini Unguja, mtaa wa Shangani, kuna jumba la kumbukumbu lake lililofunguliwa 2019.

Kijana anatafsiri

Wimbo wa kwanza wa albamu ni Bohemian Rhapsody. Una karibu dakika sita, hauna kiitikio, na katikati unageuka kuwa kama mchezo wa jukwaani, sauti nyingi zikijibizana. Ndani yake kuna neno ambalo Mswahili yeyote hulitambua: Bismillah. Baba aliusikiliza tangu utotoni bila kujua unasema nini. Kiingereza chake ni cha vipimo vya mbao na bei.

"Baba, unajua anamwambia nini mama yake?" kijana aliuliza.

"Sijui. Anasema nini?"

"Anamwambia ameua mtu."

Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, mtoto alikuwa na kitu ambacho baba yake hakukijua, na baba alitaka kukijua. Alipunguza mwendo. Aliomba wimbo urudiwe. Kijana akaeleza sehemu kwa sehemu, palipomshinda akasema pamemshinda. Wimbo ulipokwisha baba alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Angalau amemwambia mama yake."

Hakuwa na maana nyingine. Alikuwa akizungumzia wimbo.

Si kila wimbo humo unafaa kusikilizwa na baba na mwana. Wa nne, Fat Bottomed Girls, unasifu makalio ya wanawake. Kijana alipoanza kutafsiri alishikwa na kicheko, baba akauliza kuna nini, akajibiwa kwa ufupi, akabonyeza kitufe cha kuruka mbele huku naye akicheka. Mzazi anayeogopa kusikiliza muziki wa mtoto kwa sababu ya aibu ya namna hiyo akumbuke kwamba aibu hiyo ilichukua nusu dakika.

Ugonjwa usiotajwa

Katikati ya safari kijana aliuliza baba mkubwa alikufa na nini. Alikuwa ameambiwa "kifua", na baba naye siku zote alisema "kifua".

Freddie Mercury alikaa na virusi vya Ukimwi kwa miaka bila kuutangazia umma. Alitoa taarifa tarehe 23 Novemba 1991, na kesho yake akafariki, akiwa na miaka 45. Baba alimwambia mwanawe kwamba baba mkubwa alikufa kwa ugonjwa huohuo, miaka kadhaa baadaye. Alikuja nyumbani amekonda, kaseti ikiwa mfukoni. Hakusema, na hakuna aliyeuliza. Wengine walisema amerogwa. Mkewe alijua ukweli baada ya mazishi, alipoanza kuugua yeye.

"Tungeuliza," baba alisema, "huenda mama yako mkubwa angewahi."

Familia nyingi za mkoa huu zina habari kama hiyo. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha kwamba Njombe ndiyo yenye kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini: asilimia 12.7 ya watu wenye miaka 15 na zaidi wanaishi na virusi. Tofauti ni kwamba leo dawa zipo na mtu anayezitumia vizuri anazeeka na wajukuu wake. Lakini dawa humfikia aliyepima, na mtu hupima na kusema pale anapoona kwamba nyumba yake itamsikiliza.

Baba hakulisema hilo kama somo. Alikuwa hajawahi kulisema kwa mtu yeyote, hata kwa mkewe.

Kabla ya njia panda

Nyimbo mbili za mwisho za albamu hufuatana: We Will Rock You, unaoanza kwa kishindo cha miguu na makofi, na We Are the Champions, unaochezwa viwanjani timu zikibeba vikombe. Wa kwanza kijana aliupiga kwa viganja kwenye dashibodi. Wa pili ulipoanza aliacha. Makambako ilikuwa inaonekana.

"Baba, ile hela ya shule sijalipa."

Zilikuwa shilingi 120,000, mchango wa chakula na mitihani, alizopewa mkononi siku ya kufungua shule. Alizipeleka kwenye kubeti mpira. Sheria hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha, kwa hiyo alitumia laini ya simu ya jirani aliyemzidi umri. Siku ya kwanza alishinda 30,000. Baada ya siku tisa hakubaki na kitu. Kila asubuhi alivaa sare akijua ipo siku jina lake litasomwa mstarini. Alikuwa ameshapanga kwamba siku hiyo ikifika ataondoka nyumbani, aende Dar es Salaam na lori lolote litakalosimama Makambako.

Ingependeza kuandika kwamba baba alitabasamu. Hakutabasamu. Alipiga usukani kwa ngumi, akapaza sauti, akamwita mjinga. Kisha akaegesha gari pembeni ya barabara, akazima redio, akashuka. Alizunguka pikapu, akakagua kamba za kabati ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Aliporudi aliuliza swali moja: "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi umefanya vizuri kuniambia. Ulichofanya na hela ni kingine, hicho tutakizungumza."

Wakashusha kabati kwa mteja, mmoja mbele mmoja nyuma, wakala chipsi mayai karibu na stendi, wakarudi Njombe bila muziki.

Kilichofuata

Jioni hiyo kijana alimwambia mama yake kwa mdomo wake mwenyewe. Baba alikataa kumsemea. Jumatatu wawili hao walikwenda kwa mwalimu wa darasa, na mchango ukalipwa kwa hela ya kabati. Jirani aliitwa, akaelezwa, akafunga akaunti. Deni likabaki kati ya baba na mwana: kila Jumamosi kijana anafanya kazi karakana, inahesabiwa shilingi 5,000. Ni Jumamosi 24.

Hakupona siku moja. Wiki ya nne alikutwa akifuatilia matokeo ya mechi kwa macho ya mtu mwenye tiketi, ingawa aliapa hana. Baba alimuuliza, akajibiwa kwamba hamu ipo, hela hakuna. Jibu hilo halikumfurahisha baba, lakini alilipokea, kwa sababu mwezi uliopita asingelipata.

Katika Jumamosi hizo kijana alimwonyesha baba yake kitu kwenye simu: gitaa la Brian May, mpiga gitaa wa Queen. May alianza kulitengeneza 1963 akiwa mvulana, yeye na baba yake Harold, nyumbani, kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa kununua la dukani. Shingo yake ilitokana na ubao wa zamani wa jiko la kuotea moto. Springi zilitoka kwenye injini ya pikipiki kuukuu. Alama nyeupe za shingoni ni vifungo vya nguo kutoka kisanduku cha cherehani cha mama yake. Ilichukua miaka miwili hivi, na gitaa hilo ndilo linalosikika katika nyimbo nyingi za albamu ile.

Seremala aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Alitaka kujua ubao ule ni wa mti gani na uliunganishwaje.

Kijana akaongeza kwamba baadaye Mzee May hakufurahi mwanawe alipoacha masomo ya juu ya elimu ya nyota ili apige muziki. Brian aliirudia shahada hiyo na kuipata 2007, baba yake akiwa ameshafariki. Kwa hiyo hata wale waliotengeneza gitaa pamoja waligombana. Walikuwa na kitu walichokiunda kwa mikono minne, na ugomvi haukukifuta.

Kwa mzazi mwenye kijana ndani

Muziki haukumfanya kijana huyu aseme. Kuna mambo matatu yaliyotokea ndani ya gari ambayo mzazi yeyote anaweza kuyajaribu, hata kama anapenda kwaya, taarabu au zilipendwa za Morogoro Jazz.

La kwanza, walikaa wote wakitazama mbele. Kijana wa miaka 16 huona ugumu kusema jambo zito akiwa ametazamwa usoni sebuleni. Husema kwa urahisi zaidi akiwa njiani, shambani, au akimenya viazi.

La pili, baba alikubali kufundishwa. Aliuliza maana ya wimbo kwa sababu kweli hakuijua. Mtoto anayeulizwa maswali ambayo mzazi ana majibu yake tayari hujua kwamba anahojiwa.

La tatu, baba alitangulia kutoa siri yake. Si lazima iwe kubwa kama ile ya kaka yake, wala si kila siri ya mzazi ni ya kubebeshwa mtoto. Lakini mtoto ambaye hajawahi kumsikia mzazi akisema "hapa tulikosea" hana mfano wa namna jambo hilo linavyosemwa.

Na mtoto akishasema, hasira ni haki ya mzazi. Ashuke kwenye gari, akague kamba, arudi.

Kufikia wiki hii Jumamosi tisa zimepita. Zimebaki 15. Karakanani kuna redio ndogo juu ya rafu ya gundi, na flashi haitolewi humo. Wimbo wa nne ukifika, aliye karibu na redio ndiye anayeruka mbele.